Barua kwa mwanangu: hesabu anafanya nani?

Mwanangu,

Matokeo yako tumeyapata, na mama yako ameyasoma kwa sauti mara mbili. Hongera kwa masomo ya masoko na uongozi. Lakini kuna neno ulilisema kwenye simu na kulipita haraka: kwamba katika kazi za kikundi wenzako wanajenga jedwali la hesabu, wewe unaandaa slaidi na kuwasilisha. Mihula mitatu sasa. Hesabu anafanya nani, mwanangu?

Kuongea mbele ya watu unajua, wala sikukatazi. Ila alama za kikundi ni za wote, usaili ni wa mtu mmoja. Atakayekusaili kwa kazi ya fedha anaweza kukuuliza swali hili fupi: uchakavu, yaani gharama ya mali kuchakaa, ukiongezeka kwa 10 na kodi ni 30%, taarifa tatu za fedha (ya mapato, ya mtiririko wa fedha, na mizania inayoonyesha mali, madeni na mtaji) zinabadilikaje? Wengi hujibu kwamba fedha taslimu hazibadiliki kwa sababu uchakavu haulipwi. Wamesahau kodi. Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inapungua 3, faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hiyo hasi 7, unarudisha 10 za uchakavu ambazo hazikulipwa, unabaki na nyongeza ya 3. Kwenye mizania fedha zinapanda 3, mali za kudumu zinashuka 10, jumla ya mali imeshuka 7. Upande wa pili, wa madeni na mtaji, malimbikizo ya faida (faida iliyobaki ndani ya biashara) yameshuka 7. Pande zimelingana. Ukisoma jibu hili utaliona jepesi. Funika karatasi ulirudie bila kuangalia, tena kwa mfano wa kuuza kwa mkopo.

Muhula huu omba jedwali liwe lako, mwenzako awasilishe. Makisio yote yakae kwenye karatasi moja ya Excel: bei, kiasi, kodi, siku ambazo wadaiwa huchukua kulipa. Namba unazoandika mwenyewe zipe rangi ya bluu, fomula ziwe nyeusi, na usifiche namba ndani ya fomula, maana kodi ikibadilika utaitafuta usiku kucha. Chini ya mizania weka mstari wa ukaguzi: mali, toa madeni, toa mtaji. Kila mwaka lazima utoe sifuri. Usipotoa, tafadhali usiweke namba ya kuziba pengo. Wenye haraka hufanya hivyo, na kosa huhamia mwaka unaofuata. Angalia kwanza kama umesahau mabadiliko ya wadaiwa au ya bidhaa ghalani. Kisha gawa tofauti kwa 2: ukikuta kiasi ulichowahi kuingiza, kimekaa upande usio wake. Tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda umegeuza tarakimu, 54 ukaandika 45.

Na tathmini ya miradi usiifanye kwa macho. Mradi wa 1,000 unaorudisha 400 kila mwaka kwa miaka mitatu unaonekana una faida ya 200. Lakini fedha ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo: kwa kiwango cha punguzo cha 10% kwa mwaka, hizo 400 tatu zina thamani ya leo ya takriban 995. Umepoteza 5. Tena fomula ya NPV ya Excel, ile ya kutafuta thamani ya leo, huhesabu kiasi cha kwanza kana kwamba kimepatikana mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo ile 1,000 ya leo iache nje ya mabano, uitoe baadaye. Hilo hugunduliwa na aliyeshika jedwali, si aliyeshika kipaza sauti.

Najua ni nani aliyekuwa akikumalizia mazoezi ya hesabu ili uwahi kulala, na ni nani aliyekupigia makofi kila uliposimama kusema. Sitaki kuyarudia hapa.

Maombi ya mafunzo kwa vitendo yapeleke miezi kadhaa kabla ya likizo, si wiki ya mitihani. Kwenye wasifu usiandike "nilishiriki katika mradi". Andika ulichojenga: jedwali la makadirio ya miaka mitano, lenye taarifa tatu zilizounganishwa. Lakini uandike tu kama ulilijenga wewe. Ndiyo maana nauliza tena.

Hapa nyumbani bomba la jikoni limetengenezwa, ingawa fundi ameacha tundu ukutani. Mdogo wako amehamia kwenye meza yako ya kusomea. Vitabu vyako nimevifunga kwenye boksi, havijapotea. Mama anauliza kama koti umelipata.

Kazi ikiisha nitumie faili lenyewe, si slaidi. Nitaanza na ule mstari wa ukaguzi. Na ukija likizo ubishe hodi, kitasa cha mlango wa nyuma tumebadilisha, ufunguo wako hautafungua.

Baba yako