Wanafunzi wapime mchapuko kwa mikono yao, wasipike 9.8

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna majaribio ya mwendokasi, mchapuko na kuanguka huru kwa vitu yanavyofanyika katika shule zetu za sekondari za Nyanda za Juu Kusini. Nimefundisha Fizikia Mbeya na Iringa hadi nilipostaafu, na hata sasa watoto wa majirani huniletea madaftari yao ya maabara niyapitie. Madaftari hayo, hata yakitoka shule tofauti, huwa na jibu lilelile: mchapuko wa uvutano, yaani kiasi ambacho mwendo wa kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde, ni 9.8 kamili (mita kwa sekunde, kwa kila sekunde), bila kuzidi wala kupungua. Usahihi huo ndio unaonitia shaka.

Thamani sanifu ya 9.80665 ilikubaliwa kimataifa mwaka 1901 ili wapimaji wawe na kigezo kimoja. Haikukusudiwa kusema kwamba uvutano ni sawa kila mahali. Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta, nayo inazunguka, kwa hiyo hapa kwetu, karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, uvutano ni hafifu kidogo kuliko Ulaya. Jiji la Mbeya tena liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo unaupunguza zaidi. Ukipiga hesabu unafika karibu 9.78. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa vifaa vya shule, wala sitegemei mwanafunzi wa Kidato cha Pili aigundue. Ninachotegemea ni kwamba vipimo vya mikono ya watu vitapishana: mmoja apate 9.5, mwingine 10.1. Darasa zima likipata 9.8, basi watoto wameanza na jibu, wakarudi nyuma kutunga sekunde za kulifikia. Wenyewe huita kupika data, nao hulisema bila aibu.

Siwalaumu sana, kwa sababu mara nyingi jaribio wanalopewa haliwezi kutoa jibu la maana. Mwanafunzi huambiwa aangushe jiwe kutoka mita 2 na kupima muda kwa stopuwochi. Jiwe hilo hufika chini kwa sekunde 0.64 hivi, wakati kidole cha binadamu huchelewa takriban sekunde 0.2 tangu jicho lione. Hata kuchelewa kwa mwanzo na kwa mwisho kukifidiana kwa sehemu, kosa la sekunde 0.1 tu linaligeuza jibu kuwa 7.3 upande mmoja au 13.7 upande mwingine, kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe katika kanuni na kosa lake linahesabika mara mbili. Mtoto akiona 13.7 anajua atakatwa alama, naye anapika.

Njia ya vitabuni ni tikataima, kifaa kinachogonga nukta 50 kwa sekunde juu ya utepe wa karatasi unaovutwa na kitu kinachoanguka. Ni kifaa kizuri, ila mdundo wake unatokana na umeme wa gridi unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Shule inayotegemea betri za sola bila kibadilishaji umeme itabaki nacho kabatini. Wananchi walipochangishwa miaka ya 2014 na 2015 kujenga maabara za shule za kata, wengi wetu tulidhani jengo likisimama majaribio yatakuja yenyewe.

Ninalopendekeza halihitaji fedha nyingi. Galileo Galilei, kule Italia mwanzoni mwa karne ya 17, hakuwa na saa ya kupima kitu kinachoanguka wima, kwa hiyo aliupunguza mwendo kwa kuviringisha mpira juu ya ubao ulioinama na kupima muda kwa uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Sisi tuna stopuwochi, na mbao za misonobari ya Sao Hill ziko kwa kila fundi seremala. Ubao wa mita 2 wenye mfereji katikati, ukiinuliwa sentimita 10 upande mmoja, utaishusha gololi kwa sekunde 3 na kitu, muda ambao kidole kinaweza kuumudu. Robo ya umbali huo, yaani nusu mita, itachukua nusu ya muda. Hapo mwanafunzi ameuona mchapuko kwa macho yake kabla ya kuandika kanuni yoyote. Mwalimu akumbuke tu kwamba gololi inayoviringika hutumia sehemu ya nishati yake katika kuzunguka, hivyo mchapuko wake ni takriban sehemu tano kati ya saba za ule wa kitu kinachoteleza bila msuguano. Asiyelijua hilo atawaambia watoto wamekosea, kumbe wamepima vizuri.

Kwa anguko lenyewe, simu ya mwalimu inatosha. Marufuku ya simu kwa wanafunzi shuleni naiunga mkono. Nazungumzia simu moja, ya mwalimu, iliyosimamishwa mbali kidogo na ukuta wenye rula ya mita. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, na picha hizo zikitazamwa moja moja zitaonyesha mpira ukiwa umeshuka karibu sentimita 5 baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kila sehemu ya kumi inayofuata, karibu 20, kisha 44, kisha 78. Kutoka hapo grafu inachoreka.

Mikoa yetu ina miteremko ya Kitonga na Mlima Nyoka, kwa hiyo somo hili haliishii maabara. Barabara ikishuka mita 6 katika kila mita 100, lori lisilo na breki wala gia ya kulizuia, tukiacha msuguano na upinzani wa hewa, huongeza mwendo wa karibu kilomita 2 kwa saa katika kila sekunde. Kwa nusu dakika limeongeza zaidi ya 60, liwe na shehena au liwe tupu. Kijana aliyepima gololi kwenye ubao anaweza kuikokotoa hesabu hiyo mwenyewe, na huenda kesho yeye ndiye atakuwa dereva.

Ombi langu ni kwa wathibiti ubora wa shule: wanapoingia maabara, waombe kuona vipimo ghafi, vyenye mikwaruzo na marudio yake, kabla ya kutazama jibu la mwisho. Na mwalimu aliyemkata alama mwanafunzi kwa kupata 9.5 kutokana na vipimo halali aulizwe amemkata kwa kosa gani.

Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Mbeya