Kabla ya bustani juu ya barabara, tuifufue reli

Mhariri,

Wanaotaka Kisumu ijengewe bustani juu ya barabara kuu, mfano wa Klyde Warren Park iliyofunguliwa Dallas, Marekani, mwaka wa 2012, wapige kwanza hesabu ya udongo. Mti wa kivuli unahitaji kina cha mita 1 hivi. Udongo huo ukilowa, kila mita ya mraba hulemewa na karibu tani 2. Utando wa kuzuia maji ulio chini ya udongo ukitoboka, nondo ndani ya zege linalobeba bustani hushika kutu. Na barabara isiyopita bondeni haifunikiki kwa urahisi.

Reli ya Kisumu–Butere tayari ipo. Tafadhali tuanzie hapo: mataruma mabovu (vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia) yabadilishwe, kokoto ziongezwe, mitaro izibuliwe. Maji yakituama chini ya kokoto, udongo hulainika, reli hubonyea na treni huacha njia.

Mkazi, Kisumu