Mstari Mmoja, Shilingi 4,500: Kwa Nini?

Wiki iliyopita ndugu mmoja anayeuza viungo Marikiti alitoka ofisini kwangu amenuna. Tovuti yake ilikuwa imejaa alama ovyo ukurasa mzima, nikaitengeneza, kisha akachungulia nilichobadilisha. "Mstari mmoja tu, na wanitoza elfu nne na mia tano?" Alilipa, lakini najua moyoni mwake nimemuibia. Si wa kwanza, basi nieleze.

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ikituma ukurasa, mara nyingi huubana kwanza ili usile bando la mteja. Maandishi hubanika sana: kilobaiti 100 zaweza kushuka hadi 20 hivi. Mbele ya mzigo huo seva hutanguliza maelezo, na mojawapo ni Content-Encoding: gzip, yaani "nimebana kwa njia ya gzip, fungua kwanza." Yakikosekana, brauza huumwaga mzigo kwenye skrini ulivyobanwa. Wakala mmoja wa forodha wa Kilindini alinikatiza nikimweleza: "Kumbe ni kontena lisilo na makaratasi!" Ndilo hasa.

Kuandika mstari ni rahisi. Kazi ni kujua uandikwe wapi. Mimi huuita ukurasa bila brauza nikasoma baiti za mwanzo. Nikiona 1f 8b, hiyo ni alama ya gzip. Nikishaufungua na ndani nikakuta 1f 8b nyingine, basi umebanwa mara mbili na maelezo yametaja moja tu. Brauza hufungua tabaka la kwanza ikaishia hapo. La muuza viungo lilikuwa hilo. Binamu yake aliongeza plagini (kiprogramu cha nyongeza) ya "kuipa tovuti kasi", ikawa yabana, na seva nayo yabana juu yake. Plagini alikuwa nazo kumi na nne, na ilibidi nizizime mojamoja usiku, wateja wake wamelala.

Gumu zaidi ni la keshi, yaani ghala la nakala za kurasa zilizo tayari kutumwa. Hoteli moja ya Diani, wageni waliiona tovuti sawa, meneja sawa, lakini programu ya wakala wao inayosoma bei za vyumba ikawa yapata takataka. Programu ile haikuomba kubaniwa wala haijui kufungua. Keshi ilihifadhi nakala iliyobanwa kwa ajili ya brauza, ikawa yampa kila ajaye, kwa kuwa seva haikutuma Vary: Accept-Encoding, yaani "nakala hii si ya kila mtu, tazama kwanza ajaye anakubali ubanaji gani." Siku mbili nilikaa na hilo, maana kila nikifungua kwa simu yangu, safi.

Wengi hukimbilia kuzima ubanaji kabisa. Ukurasa huonekana papo hapo, na mtu hujiona ameokoa pesa. Mama mmoja wa mitandio kule Bondeni alifanya hivyo. Wateja wakaanza kumwambia tovuti ni nzito, kisha hosti, yaani kampuni inayomhifadhia tovuti, ikamwarifu amepita kiwango chake cha data, akahamia kifurushi ghali. Alipokuja kwangu tayari alikuwa amelipa miezi mitatu, na kosa la awali lilikuwa palepale.

Kwa hiyo bei ni 4,500, na kama ni keshi tutaongea kwanza. Kabla hujaja, tafadhali usifute plagini wala usisafishe keshi, utanifutia nyayo. Piga picha ya skrini, kisha uniambie nani aliigusa tovuti mwisho, na siku gani. Jumamosi nafunga saa saba mchana.