Wifi, Chemosit Wako Amehamia Dodoma

Wifi yangu,

Najua ningeweza kupiga simu, lakini ungecheka, nami ningecheka, yakaishia hapo. Bora niandike hapa watu wasome.

Uliondoka Jumapili kurudi Bomet, Kenya. Jumatatu usiku hakuna mtoto aliyekubali kwenda chooni peke yake. Choo kiko hapo nyuma tu, na mkubwa ana miaka 11! Kulikoni? "Chemosit." Zimwi ulilowasimulia. Nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, anajikongoja kwa fimbo iliyo kama mkuki, mdomo mwekundu unaowaka gizani kama taa. Na makalio tisa. Hapo nikajua hukutunga. Mtu akitunga hafiki tisa.

Mimi nilitishwa na fisi. Bibi yangu kule Mpwayungu alisema fisi wa usiku si wa kuogopa, muogope aliyempanda mgongoni. Lakini fisi akilia unamsikia, unajifungia ndani. Huyu wa kwenu Wakipsigis anaimba. Watoto wanaona mwanga kwa mbali, wanasikia wimbo, wanadhani kuna ngoma, wanamfuata wenyewe na miguu yao. Hilo limenikosesha usingizi mimi, achilia mbali watoto.

Kaka yako, yaani mume wangu, ananiambia Wazungu wa enzi za ukoloni walimsaka huko kwenu kama mnyama, wakamwita dubu wa Nandi. Dubu, kwenye nchi isiyo na dubu! Wengi sasa wanasema huenda walikuwa wanaona fisi. Haya, tumerudi kwa bibi. Nikamuuliza hata Mbarabaig mmoja pale mnadani, maana lugha yao na yenu ni za ukoo mmoja. Alinitazama kama nimerukwa na akili, akaendelea na ng'ombe wake.

Alhamisi umeme ukakatika. Nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia mtu anaruka-ruka ukumbini, tap, tap, na wimbo unaovumia puani. Nikageuka. Mwanangu mdogo, wa darasa la pili, amekunja mguu mmoja, ameegemea mpini wa dekio, kurunzi ndogo ameiingiza kinywani na kufumba midomo. Mashavu yote yanawaka mekundu, mpaka mishipa inaonekana. Mkubwa alipiga ukelele. Mimi nilikuwa nimeshafika uani, na mwiko mkononi.

Sasa anadai wimbo wenyewe, kwa kuwa huo aliokuwa anauvumisha ni wa kuhesabu, wa shuleni. Mrekodie basi umtumie. Ila tuma mchana.