Waliopunguzwa tumbo sio wavivu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Tangu hospitali ya Mloganzila waanze kuwasaidia watu wanene kwa kuwawekea puto ndani ya tumbo ili washibe haraka, na kupunguza tumbo (yaani mfuko wa chakula) kwa upasuaji, maneno mtaani hayaishi, mara kanunua wembamba, mara mvivu wa mazoezi huyo, na wanawake ndo wanasemwa zaidi. Jamani, upasuaji ule unaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, afu mtu anaanza na vimiminika tu na vitamini anameza maisha yake yote, sasa uvivu uko wapi hapo? Puto lenyewe wala sio upasuaji, linapitishwa mdomoni na baadae linatolewa. Tuleteeni daktari gazetini aeleze, maana watu wanajificha mpaka kliniki ya marudio wanaikacha kwa aibu na hiyo ni hatari kweli.

Msomaji, Dar es Salaam