Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wa Mkoa wa Lindi: virukia vikatwe kwa msumeno, na shambani tu

Ndugu Afisa Kilimo,

Tunaomba mwongozo wa kupogoa mikorosho ueleze kwa kirefu virukia, yaani mimea nyonyaji inayoota juu ya matawi ya miti. Neno "ondoeni" halitoshi. Mkulima akilisikia huchukua panga, hufyeka majani, na kichaka huota tena palepale.

Kirukia hakikukaa juu ya gome tu. Mzizi wake mnyonyaji umepenya hadi kwenye mishipa ya maji ya mti. Chakula hujitengenezea kwa majani yake ya kijani. Kinachoibwa ni maji na madini. Wakati wa ukame mkorosho hubana maji, kirukia chenyewe kinaendelea kuyavuta, ndiyo maana ncha ya tawi iliyo mbele yake hukauka kwanza. Salfa inayopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga haikigusi.

Kazi ifanyike baada ya mavuno, kabla mikorosho haijachipua. Utafutwe uvimbe ambapo kirukia kimeshika, kisha tawi likatwe sentimita 30 chini yake, upande wa shina. Tawi nene likatwe kwanza kwa chini hadi theluthi ya unene, ndipo msumeno uingie kwa juu; bila hivyo litapasuka na kuchuna gome la shina. Glavu zivaliwe, utomvu wa mkorosho unaunguza. Kirukia kilichoota kwenye shina lenyewe kikatwe usawa wa gome, pafungwe nailoni nyeusi isiyopitisha mwanga, na machipukizi yakaguliwe kila msimu. Mti uliozidiwa nusu ya matawi hauna faida kuuparura: ukatwe, chipukizi zake zibebeshwe vikonyo (vitawi vya kupandikiza) vya mikorosho bora.

Ila amri iishie mpakani mwa shamba. Katika vichaka vya pwani na misitu kama Litipo na Rondo, virukia viachwe. Kirukia kiitwacho Agelanthus sansibarensis, kilichopewa jina la Zanzibar, ni cha pwani hii. Maua ya jenasi yake ni mirija yenye nyufa: ndege chozi akitia mdomo, ua hufyatuka na kumpaka chavua. Ndege kitororo hula tunda, hutema mbegu yenye ulimbo na kuipangusia tawini. Viwavi wa vipepeo wa Mylothris hula majani ya jamii hii.

Tunajua kitororo huyohuyo ndiye anayerudisha mbegu shambani. Kwa hiyo mikorosho iliyo kandokando ya msitu ikaguliwe kila mwaka, ambapo ya katikati inaweza kusubiri. Kirukia kichanga chenye majani machache hutoka na kitawi chake kwa mkasi.

Sisi wapogoaji wa mikorosho, Lindi