Mwacheni Mtoto Aseme Ng': Barua kwa Wazazi wa Kiswahili Mlioko New Zealand

Wanangu na wadogo zangu,

Salaam nyingi. Nawaandikia kwa sababu ya neno nililolisikia arusini mwezi uliopita. Mama mmoja, ninayempenda kama binti yangu wa kuzaa, alisema amemtoa mtoto wake kwenye kikundi cha kapa haka shuleni, yaani nyimbo na ngoma za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii. "Bibi," akaniambia, "hatukuja huku kujifunza lugha ambayo wenyewe hawaijui. Kimaori kitamsaidia nini?" Wengine pale mezani wakamuunga mkono. Sikumjibu, maana arusi ni ya watu. Lakini tangu siku ile neno hilo limenikaa kifuani, kwa kuwa si geni kwangu. Nililisikia nikiwa msichana mkoani Tanga, likisemwa juu ya Kiswahili.

Mnaojua sekondari zetu mnajua kibao. Cha kwetu kilikuwa cha mbao, kimefungwa kamba ya katani, na aliyekamatwa akiongea Kiswahili alivishwa shingoni hadi amkamate mwenzake. Nilikivaa. Baadaye nikawa mwalimu, nami nikawavisha wengine. Yuko mmoja ambaye hanitoki akilini, mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka kijijini, mdogo hata kwa umri wake. Alisimama akasema, "Mwalimu, naomba nikanywe maji." Nikamvisha kibao. Alikaa nacho mpaka kengele ya jioni, na alipokivua nikaona alama nyekundu ya kamba shingoni. Muhula mzima hakunyoosha tena mkono darasani mwangu. Niliamini namsaidia. Nawaambieni nyinyi ili mjue kwamba siwasemi kutoka mahali pa usafi.

Nilipofika huku, miaka 12 sasa, nilidhani mambo haya nimeyaacha Tanga. Kumbe wazee wa Kimaori wanayo yao. Sheria ya shule za wenyeji ya mwaka 1867 ilitaka watoto wao wafundishwe kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi wapo waliochapwa kwa kusema shuleni maneno waliyofundishwa na mama zao. Waliochapwa wakakua, wakazaa, wakaamua watoto wao wasionje fimbo ile. Wakawasemesha Kiingereza. Basi unaposema wenyewe hawaijui lugha yao, jua kwamba ilitolewa midomoni mwao darasani.

Na hawakukubali iishie hapo. Mwaka 1972 walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000 wakitaka lugha yao ifundishwe shuleni. Mwaka 1982 wakaanzisha kōhanga reo, yaani kiota cha lugha: watoto wadogo wanashinda na mabibi, na hakuna kinachosemwa mle isipokuwa Kimaori. Mabibi, wanangu! Serikali ilikuja kuitambua rasmi lugha hiyo mwaka 1987, wakati viota vilikwishajaa watoto. Sensa ya 2023 ilihesabu wasemaji zaidi ya 200,000. Kwa lugha ambayo wengi walishaiandalia sanda, hao si haba.

Kuna jambo la pili ambalo wengi wetu hatukuambiwa tulipopewa karatasi za kuingia. Nchi hii imesimama juu ya mkataba. Ulitiwa saini Waitangi tarehe 6 Februari 1840, kati ya taji la Uingereza na machifu wa Kimaori, na machifu zaidi ya 500 walitia alama zao, karibu wote kwenye nakala ya Kimaori. Nakala hizo mbili hazisemi kitu kimoja. Ya Kiingereza inasema machifu walikabidhi mamlaka yote. Ya Kimaori inasema walitoa utawala tu, wakabaki wakuu wa ardhi yao, vijiji vyao na kila walichokithamini. Ugomvi wa mle ndani haujaisha, na sasa uko kwenye mikoba ya watoto wetu. Septemba 2024 serikali ilichukua fedha za kuwafundisha walimu Kimaori ikazielekeza kwenye hisabati. Mwaka 2025 ikaamua kuziondolea bodi za shule wajibu wa kisheria wa kuutekeleza mkataba huo. Mimi ni mwalimu, naitaka hisabati kama mnavyoitaka. Lakini mwalimu anayelitamka jina la mtoto vibaya kila asubuhi atamfundisha kugawanya kwa moyo gani?

Hapo ndipo sisi tuna bahati ambayo hatuijui. Mjukuu wangu ana miaka saba. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa lao, mwalimu akawa anawasomesha majina ya mahali. Wakafika Ngāruawāhia. Watoto wa Kizungu wanavunjika ulimi, huyu anasema "na", yule anasema "nga" kama ya ngazi. Mjukuu wangu akalitamka sawasawa, kwa ng' ya ng'ombe. Mwalimu akageuka, akamwomba arudie, kisha akamweka mbele awafundishe wenzake. Mtoto ambaye wiki ile ile alichekwa kwa Kiingereza chake! Irabu zao ni zetu, a, e, i, o, u, na silabi zao huishia kwa irabu kama zetu. Kimaori ndilo somo pekee ambalo mtoto aliyetoka Kigoma au Bukavu anaanza mbele ya darasa. Ndilo mnalomtoa.

Wako wanaohofia dini. Nawaheshimu, nami ni mtu wa kuswali. Kuhusu karakia, yaani dua za Kimaori, nendeni mkamuulize mwalimu maana ya kila neno, atawaambia bila kukasirika. Kama kuna linalogongana na imani yenu, semeni kwa adabu mtoto asimame kimya. Hakuna atakayewafukuza. Ila msikatae kitu ambacho hamjakiuliza. Mara ya kwanza kualikwa kwenye pōwhiri, yaani mapokezi ya wageni kwa desturi ya Kimaori, shule ilipopokea watoto wapya, niliogopa. Tukasimamishwa getini, hakuna kuingia. Halafu ndani bibi mmoja mwenye mvi, amevaa nyeusi, akapaza sauti ndefu ya kutuita, na upande wetu mwanamke mwingine akamjibu, ndipo tukaanza kutembea polepole. Machozi yalinitoka. Ile ni hodi na karibu, wanangu. Mwishoni tukapewa chai na biskuti, na nikaambiwa pasipo kula, shughuli haijakamilika. Nani kati yenu hajui adabu hiyo?

Sasa lugha ya nyumbani. Mama mmoja alishauriwa na mwalimu, mtu mwenye nia njema, aache kumsemesha mwanawe Kiswahili ili Kiingereza kipande haraka. Akafuata. Leo mtoto anamjibu kwa lugha ambayo mama anaishika nusu, na bibi aliyeko Uvira anaongea na simu iliyo kimya. Msifuate ushauri huo. Mtoto anayejua kusimulia hadithi kwa Kiswahili, mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake, hujua pia hadithi inavyosomwa kwa Kiingereza. Nyumbani semeni Kiswahili chenu, cha Bukavu, cha Mombasa, cha Tanga, vyovyote. Na mkiitwa kuonana na mwalimu, ombeni mkalimani. Msimfanye mtoto akalimani maneno yanayomhusu mwenyewe.

Kuhusu walimu, nitasema machache. Tarehe 23 Oktoba 2025 walipogoma, pamoja na wauguzi na madaktari, zaidi ya watu 100,000 nchi nzima, nilisikia manung'uniko: tumekosa siku ya kazi, nani abaki na watoto? Naijua hasara hiyo, wengi wenu mnalipwa kwa saa. Lakini nimeshasimama mbele ya darasa lililofurika, najua mwalimu aliyechoka anavyowasahau watoto wakimya kwanza, na watoto wakimya ni wetu. Walimu wengi wanavuka kwenda Australia kufuata mshahara. Mkikutana na aliyebaki, mwambieni asante.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe letu hapa ni bodi ya shule. Kila baada ya miaka 3 wazazi huchagua wawakilishi wao, na mzazi yeyote mwenye mtoto shuleni ana haki ya kupiga kura. Wajibu wa kisheria wa kuutekeleza mkataba umeondolewa, lakini hakuna aliyeikataza bodi kuendelea kuuheshimu. Itategemea mliowaweka pale. Kwa Kimaori shule huitwa kura. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikamwita mwanangu nikamuuliza: mara ya mwisho, karatasi ya kura ilipoletwa nyumbani, ilikwenda wapi? Ilikuwa chini ya sahani za mezani, haijafunguliwa. Ya kwenu iliishia wapi?

Na wewe binti yangu wa pale arusini, najua utaisoma barua hii. Mazoezi ya kapa haka ni Jumatano baada ya masomo. Mjukuu wangu amekuwa akiuliza mwenzake wa mstari wa mbele yuko wapi. Mlete. Kama uko kazini, niambie tu, nitamchukua mimi darasani, nimkalie mpaka wamalize, na nitamrudisha kwako akiwa amekwisha kula.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu.